Kulitunza Dishi la Setilaiti la Nyumbani Wakati wa Theluji na Barafu

Dishi lililofungwa vizuri linaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa, lakini majira ya baridi kali hulijaribu kuliko majira mengine yote. Theluji ikianza kuanguka usiku, picha hukatika vipande vipande, kisha hutoweka kabisa, na mwenye nyumba akichungulia dirishani na kuona weupe umelifunika dishi, wazo la kwanza linalomjia ni kutafuta ngazi. Ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta wenye barafu ni hatari kubwa kuliko hasara yoyote ya matangazo, na kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kwa nia moja: karibu kazi yote ifanyike kabla baridi haijaingia, ili katikati ya majira usilazimike kupanda popote.

Kinachoyaharibu mawimbi hasa

Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786, na mawimbi yanayofika nyumbani kwako ni dhaifu mno. Mengi hurushwa kwa masafa ya takriban gigahezi 10.7 hadi 12.75, ambapo urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 2.5. Dishi huyakusanya na kuyaelekeza kwenye kifaa kidogo kinachokaa mbele yake juu ya mkono, ambacho mafundi hukiita LNB.

Watu wengi hudhani kwamba theluji ikiwa nyingi ndivyo mawimbi yanavyozuiwa zaidi. Si hivyo. Theluji kavu, ile ya unga inayopeperuka ukiipuliza, imejaa hewa, na mawimbi huipenya kwa urahisi hata ikiwa imeshika dishini kwa unene wa kuonekana. Adui halisi ni maji. Theluji mbichi inayonata, au theluji kavu ambayo jua limeanza kuiyeyusha, huwa na utando wa maji unaonyonya mawimbi na kuyatawanya. Ndiyo maana picha inaweza kuwa safi kabisa katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, kisha ikapotea siku hewa inapopanda na kukaribia sifuri, ingawa dishini hakuna theluji mpya iliyoongezeka.

Barafu ngumu nayo ina tabia yake. Ikiwa nyembamba na imetandaa sawasawa, madhara yake ni madogo. Ikiwa imeganda kwa mafundo, huku nene na huku nyembamba, huyachelewesha mawimbi kwa viwango tofauti, hivyo yanafika kwenye LNB yakiwa hayaendi pamoja. Tofauti ya unene ya milimita 4 tu inatosha kuyachelewesha kwa takriban robo ya urefu wa wimbi, kwa sababu mawimbi huipita barafu hiyo mara mbili, yakiingia na yakirudi.

Zaidi ya yote, tazama kifuniko cha plastiki kilicho kwenye mdomo wa LNB. Mawimbi yote yaliyokusanywa na dishi zima hupita kwenye uwazi huo mdogo, kwa hiyo donge la theluji mbichi ambalo lisingeleta shida likiwa pembeni mwa dishi huweza kukata matangazo yote likikaa hapo. Mara nyingi watu hulisugua dishi mpaka likang'aa huku chanzo cha tatizo kikiwa ni donge hilo.

Hatua ya kwanza: andika vipimo siku ya hali nzuri

Chagua siku kavu yenye anga safi kabla ya majira ya baridi. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi na uandike nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi kwa chaneli nne au tano zilizo kwenye masafa tofauti. Bandika karatasi hiyo nyuma ya king'amuzi. Bila vipimo hivyo huna njia ya kujua kama ubora wa asilimia 60 unaouona usiku wa theluji ni wa kawaida kwako au umeshuka kutoka asilimia 85, na utaishia kubahatisha.

Ukiona kwamba hata siku nzuri ubora uko chini, dishi halina akiba ya kukuvusha katika baridi. Kulilenga upya kwa kipimo huweza kutosha. La sivyo, fikiria dishi kubwa zaidi: dishi la sentimita 80 lina eneo la karibu mara 1.8 ya dishi la sentimita 60, na nyongeza hiyo ndiyo inayoiweka picha hai wakati utando wa maji unapoiba sehemu ya mawimbi. Tahadhari ni moja, kwamba dishi kubwa huhitaji kulengwa kwa usahihi zaidi, na hushika upepo mwingi zaidi.

Hatua ya pili: chunguza mahali dishi lilipo

Simama nyuma ya dishi na utazame upande linakoelekea. Matawi ambayo wakati wa joto yako juu ya njia ya mawimbi huinama yakibebeshwa theluji, hasa ya miti isiyopukutisha majani, na huweza kuingia katikati ya njia hiyo. Yakate mapema. Kisha tazama juu. Dishi lililo chini ya ukingo wa paa la mabati au la vigae laini limo hatarini, kwa kuwa theluji ya paa zima huweza kuporomoka kwa mkupuo mmoja na kuupinda mkono wa LNB. Vijiti vya barafu vinavyoning'inia kutoka kwenye mfereji wa paa navyo hudondosha maji juu ya dishi mchana, nayo yakaganda usiku.

Mahali bora, kwa maoni yangu, si juu ya paa. Ni kwenye ukuta au nguzo, kwa kimo ambacho mtu aliyesimama ardhini anaweza kukifikia kwa brashi yenye mpini mrefu, lakini juu ya kiwango ambacho theluji ya ardhini hufikia. Kama unajenga au unahamisha dishi, amua jambo hili kwanza.

Uelekeo wa uso wa dishi nao una maana. Madishi mengi ya nyumbani yana mkono unaotokea chini, na uso wake husimama wima zaidi kuliko njia halisi ya mawimbi. Katika nchi zilizo mbali sana na ikweta, ambako setilaiti huonekana chini karibu na upeo wa macho, uso huwa karibu wima na theluji huteleza yenyewe. Setilaiti inapokuwa juu zaidi angani, uso hulala kidogo kuelekea juu na kuipokea theluji. Kulifunga dishi kichwa chini, mkono ukiwa juu, hakusaidii katika hali hiyo, kwa sababu uso hulala zaidi kuelekea juu na kuipokea theluji nyingi zaidi. Isitoshe, kipimo cha mwinamo kilichochapwa kwenye kishikizo hakitasomeka tena kama kawaida, na si kila kishikizo kinaruhusu mwinamo huo.

Hatua ya tatu: kaza kila kinachoweza kulegea

Dishi la sentimita 60 likipinda kwa takriban digrii 1 na nusu kutoka kwenye setilaiti yake, hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi. Barafu huongeza uzito, upepo hulisukuma, na bolti iliyolegea kidogo huruhusu kupinda huko bila macho kuona. Kabla ya kugusa bolti yoyote, chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika unaovuka kutoka kwenye kishikizo hadi kwenye nguzo, na mwingine kwenye kipimo cha mwinamo. Mistari hiyo itakuonyesha baadaye kama dishi limesogea. Kisha kaza nati moja moja, kidogo kidogo kwa kupokezana, huku mtu mwingine akitazama ubora wa mawimbi ndani ya nyumba. Nati zilizoshikwa na kutu zibadilishwe sasa, kwa sababu wakati wa baridi hukatika mkononi.

Nguzo ipimwe kwa pimamaji pande mbili, kwani ikiwa haijasimama wima kabisa, kulenga kote kunaharibika. Nguzo iliyosimikwa ardhini ina tatizo lake: udongo wenye maji ukiganda huvimba na kuinua msingi, na ukiyeyuka hauurudishi mahali pake. Zege la msingi linapaswa kufika chini ya kina ambacho ardhi ya mahali hapo huganda. Ikiwa nguzo ni bomba lenye uwazi, lizibwe juu kwa kifuniko na liachiwe tundu dogo la kutolea maji karibu na chini. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na bomba lililojaa maji hupasuka au hujitoa kwenye kishikizo.

Hatua ya nne: kebo na viunganishi

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu matatizo mengi ya baridi yanayosingiziwa theluji huanzia kwenye kebo.

Chomoa king'amuzi kwenye umeme kwanza. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB kupitia kebo ileile inayoleta mawimbi, na kufungua kiunganishi huku umeme ukipita kunaweza kusababisha shoti. Fungua kiunganishi kilicho nyuma ya LNB na ukitazame kwa karibu. Waya wa katikati unapaswa kuwa na rangi ya shaba safi inayong'aa. Ukiwa umepiga weusi, au una ungaunga wa kijani kwenye shina lake, maji yamekwishaingia. Minya wavu wa nyuzi unaouzunguka. Ukihisi unyevu, usikaushe na kurudisha. Maji hutambaa ndani ya wavu huo kama mafuta katika utambi na huweza kusafiri mita kadhaa, kwa hiyo kata kebo mpaka ufike mahali penye nyuzi kavu zenye rangi safi, kisha funga kiunganishi kipya cha kubana. Kama ukikata mita nzima bado unakuta weusi, badilisha kebo yote.

Baada ya kukaza, zungushia tepu ya mpira, ile inayojishika yenyewe ikivutwa, ukianzia chini na kupanda juu ili kila tabaka lifunike lile lililo chini yake na maji yateleze nje. Tepu ya kawaida ya umeme peke yake haifai, kwa kuwa hukakamaa katika baridi na kubanduka. Epuka pia silikoni yenye harufu ya siki: asidi inayotoka wakati inakauka hula shaba, na badala ya kuziba tatizo utakuwa umelifungia ndani. Matundu madogo yaliyo chini ya LNB nayo yasizibwe, maana mara nyingi yamewekwa ili kutoa unyevu.

Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie kidogo kwa kitanzi kilicho chini ya tundu, ili maji yadondoke pale badala ya kufuata kebo mpaka ndani. Kazi hii yote ifanywe hewa ikiwa bado na joto. Ganda la kebo likishapoa sana hukakamaa, na kulikunja kwa nguvu kunaweza kulipasua.

Hatua ya tano: uso wa dishi, kifuniko na kipasha joto

Osha uso wa dishi kwa maji na sabuni laini, kwa sababu vumbi na ukungu huipa theluji mahali pa kushika. Likikauka, paka nta ya magari kwa tabaka jembamba sana kisha ufute. Theluji mbichi huteleza vizuri zaidi juu ya uso huo, ingawa nta haizuii mvua inayoganda, na itahitaji kurudiwa. Usipake rangi mpya inayong'aa. Uso wa dishi umetengenezwa makusudi usiwe na mng'ao, ili utawanye mwanga wa jua. Uking'aa huweza kuukusanya mwanga huo kwenye LNB na kuyeyusha kifuniko chake. Mafuta ya kupikia, ambayo wengine huyasifu, hufanya kazi kwa muda mfupi tu na kisha hukusanya uchafu. Siyapendekezi.

Kifuniko cha kitambaa maalumu au cha plastiki nyembamba husaidia penye theluji kavu na upepo, mradi kimevutwa kikakaza na hakina uzi wowote wa chuma. Kikilegea kitapigapiga, kitakusanya maji kwenye mikunjo, na kitakuwa kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Penye theluji mbichi ya mara kwa mara, kipasha joto cha umeme ndilo suluhisho la kweli. Hubandikwa nyuma ya dishi, kamwe si mbele, na kinachofaa ni kile kilichotengenezwa kwa kazi ya nje, chenye kidhibiti cha joto, kikiwa kimeunganishwa kupitia swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampia 30. Kiungwe na fundi umeme. Namna ya kukitumia ina siri moja: kiwashe kabla theluji haijaanza kushika. Ukingoja mpaka dishi limefunikwa, joto litaigeuza theluji kavu isiyo na madhara kuwa maji, na kwa muda utaona mawimbi yakizidi kushuka badala ya kupanda.

Hatua ya sita: theluji ikishaanguka

Anza ndani ya nyumba. Linganisha vipimo vya sasa na vile vya kwenye karatasi. Kama picha ni nzima, liache dishi lilivyo, hata kama linaonekana limezama katika weupe. Kama imekatika na dishi linafikika kutoka ardhini au dirishani, tumia brashi ya nywele laini yenye mpini wa plastiki, ukihakikisha kwanza kwamba hakuna waya wa umeme karibu na mpini utakapopita. Futa kifuniko cha LNB kwanza, kwa mguso mwepesi, kisha mkono, kisha uso wa dishi kutoka juu kwenda chini. Fagia, usisukume. Mara nyingi kuondoa theluji kwenye LNB peke yake kunarudisha picha.

Barafu iliyoshika usiibandue kwa kisu, mwiko wa chuma wala kwa kupiga ngumi nyuma ya dishi. Rangi ikichunika, kutu huanza. Bati likibonyea, umbo linalokusanya mawimbi limeharibika na halinyooki tena kikamilifu. Maji yanayochemka ni marufuku, kwa kuwa huweza kupasua plastiki na kisha kuganda ndani ya maungio. Maji ya uvuguvugu yanaweza kutumika hewa ikiwa imekaribia kiwango cha kuyeyuka, kwa kitambaa, na uso ukafutwa mara moja ukawa mkavu. Chumvi hula chuma. Vifaa vya umeme vya kukaushia nywele havifai kutolewa nje kwenye unyevu. Baada ya mvua inayoganda, ambapo kila kitu kimevikwa kioo cha barafu pamoja na ngazi na paa, subiri jua au joto lirudi. Dishi lililo juu ya paa lisipandiwe siku hiyo kwa sababu yoyote.

Jambo moja la kwenye king'amuzi: usitafute chaneli upya wakati mawimbi yamekatika. Vingine huihifadhi orodha tupu badala ya ile iliyokuwepo, na utabaki na tatizo la pili hata baada ya theluji kuyeyuka.

Picha isiporudi na dishi ni safi

Sasa vipimo vitakusemesha. Nguvu na ubora vyote vikiwa sifuri, shuku kebo, kiunganishi au LNB yenyewe. Nguvu ikiwa nzuri lakini ubora ni sifuri, dishi huenda limesogea, kwa sababu kipimo cha nguvu huhesabu hata kelele za LNB, yaani mawimbi ya ovyo yasiyobeba picha, na hakithibitishi kwamba setilaiti inaonekana; nenda ukaitazame mistari uliyoichora. Ikiwa kundi fulani tu la chaneli limepotea, mara nyingi umeme unaofika kwenye LNB umepungua njiani kwa sababu ya kutu, kwani king'amuzi huchagua makundi ya chaneli kwa kubadilisha volti. Picha inayopotea kila usiku wa baridi kali na kurudi mchana huashiria maungio yanayosinyaa, au LNB ya zamani ambayo masafa yake huhama ikipoa.

Katika nusu ya kaskazini ya dunia, mwishoni mwa majira ya baridi huja hali nyingine inayowapotosha wengi. Kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti kwa dakika chache kila siku, kwa siku kadhaa mfululizo, na kelele zake huzidi mawimbi. Katika nusu ya kusini, hali hiyo hutokea baada ya tarehe za usiku na mchana kulingana za Machi, na kabla ya zile za Septemba. Hakuna cha kutengeneza.

Wenye antena bapa za intaneti ya setilaiti, kama zile za Starlink, wana wepesi fulani, kwa kuwa antena hizo zina uwezo wa kujipasha joto na programu yake huruhusu kuchagua ziyeyushe theluji zenyewe au zijipashe mapema. Matumizi ya umeme hupanda, na maji yanayoteremka huganda upya chini yake, kwa hiyo ziwekwe kwenye kishikizo kirefu chenye nafasi ya kutosha hadi ardhini.

Baridi ikiisha na ardhi ikayeyuka, pima tena nguzo kwa pimamaji, tazama mistari ya wino, kaza nati, fungua kifuniko kama kilikuwepo, na zima kipasha joto kwenye swichi yake kuu. Andika vipimo vipya chini ya vile vya zamani kwenye karatasi ileile.